Anayetaka Treni ya Masasi Amwendee Nani?

Kutoka Mtwara hadi Masasi kwa barabara ni kilomita 200 hivi. Zigawe kwa 160, kipimo kinachopendwa na wachezaji wengi wa treni ndogo duniani, utabaki na kilomita moja na robo. Hiyo ndiyo reli utakayoihitaji ukitaka kuijenga njia nzima ndani ya nyumba bila kuruka stesheni wala daraja. Sebule ya namna hiyo haipo, si Masasi wala Munich. Kwa hiyo katika mchezo huu, wa kwanza kukata shauri ni mwenye nyumba, kabla ya kiwanda chochote: achukue kona ipi, stesheni moja au nusu yake, na yaliyobaki ayaachie mawazo.

Msomaji kijana atauliza Masasi ilipata lini treni. Ilipata, ikakaa nayo kidogo, ikanyang'anywa. Serikali ya Uingereza ilipoanza mwaka 1947 kulima karanga Tanganyika kwa matrekta na kwa pupa, maeneo yaliyochaguliwa yalikuwa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Nachingwea haikuwa na reli wala bandari ya maana karibu, vikajengwa vyote viwili. Reli ya upana wa mita moja ilianzia Mkwaya, kwenye hori la Lindi, ikafika Nachingwea mwaka 1949. Mwaka 1954 iliunganishwa na bandari mpya ya kina kirefu ya Mtwara, na mwishoni mwa miaka ya 1950 likachepuka tawi kuja Masasi. Wakati huo karanga zenyewe zilikuwa zimekwisha kushindikana. Mradi ulifutwa mwaka 1951, na hasara iliyoandikwa vitabuni ilikuwa pauni milioni 36. Reli ilifika Masasi, basi, miaka kadhaa baada ya sababu ya kuzaliwa kwake kufa. Mwaka 1962 treni zikasimama, kisha vyuma vikang'olewa.

Newala haikuguswa. Mji uko juu ya uwanda wa Makonde, zaidi ya mita 700 kutoka usawa wa bahari, na ukisimama pale Shimo la Mungu unaona ardhi imekatika ghafla mbele ya miguu yako, bonde la Ruvuma limetandazwa kule chini mpaka Msumbiji. Garimoshi halipandi ukuta wa namna hiyo bila kuzungushwa kona nyingi na kumwagiwa fedha nyingi, na hakuna karanga za mtu yeyote zilizokuwa zikisubiri huko juu. Matokeo yake, katika eneo ambalo basi hulimaliza kwa saa chache, kuna hamu mbili za treni. Masasi wapo wazee waliousikia mlio. Newala treni imekuwa habari ya kusimuliwa tangu mwanzo. Mpenzi wa treni ndogo, popote alipo, nadhani ana kitu cha wote wawili: anakumbuka, na anayakumbuka hata yale ambayo hakuyaona.

Ukiyasikiliza malalamiko ya watu hawa, wawe wa Ujerumani, Japani, Uingereza au Afrika Kusini, utadhani hawatosheki. Rangi ya kijani imekosewa. Ngazi ya dereva ina vidato viwili badala ya vitatu. Mota inavuma kama mbu. Bei imepanda tena. Kiwanda kimetangaza kichwa kipya cha treni kwenye maonyesho ya vitu vya kuchezea ya Nuremberg, mwaka umepita, wa pili unakwisha, dukani hakijaonekana. Viwanda huisikia kelele hiyo vikajibu kwa kuongeza: taa ndani ya mabehewa, spika ya kupiga honi, moshi. Mimi naona vimesikia vibaya. Mpenzi wa treni ndogo hahitaji kuongezewa. Anataka abakiziwe kazi ya kufanya.

Tuanze na kiwanda, tusije tukakionea. Kichwa cha treni cha plastiki huanzia kwenye kalibu ya chuma. Kuichonga hiyo kalibu ndiko kunakokula fedha. Plastiki inayomiminwa ndani ni kitu kidogo. Gharama hurudi tu kama nakala zitauzwa kwa maelfu, na kununuliwa na watu wenye mshahara wa ziada. Kwa hiyo Märklin wa Göppingen, walioanza mwaka 1859 na vyombo vya jikoni vya wanasesere, watatengeneza vichwa vya Kijerumani mpaka siku ya kiama. Kato watatengeneza vya Kijapani. Waitaliano wa Lima walikuwa wakiuza vichwa vya umeme na mabehewa ya Afrika Kusini kwa kuwa huko walikuwapo wanunuzi. Reli iliyoishi miaka kumi na mitatu kusini mwa Tanganyika, ikabeba watu ambao wengi wao hawakuwa na umeme nyumbani, haitaingia kwenye hesabu hiyo hata kwa bahati mbaya. Wala sioni ubaya wowote hapo. Ni hesabu tu.

Ila hesabu hiyo ina mlango wa uani. Jamhuri ya Ireland, kwa sensa ya 2022, ilikuwa na watu wachache kuliko jiji la Dar es Salaam. Kwa miaka mingi mpenzi wa treni za Ireland alikuwa akinunua kichwa cha Kiingereza na kukipaka rangi upya. Kisha wapenzi wenyewe wakageuka wauzaji: kwanza Murphy Models, baadaye Irish Railway Models, wakapeleka michoro yao viwandani na kuagiza kwa ajili ya soko lao dogo. Vitu vizuri kweli kweli. Lakini mazungumzo na kiwanda yana kikomo. Reli ya Ireland ina upana wa milimita 1600. Kwa kipimo cha 1 kwa 76 ilitakiwa iwe milimita 21. Treni zao ndogo zinakwenda juu ya reli ya milimita 16.5, kwa sababu hiyo ndiyo iliyojaa madukani. Mwili wa Kiireland, miguu ya kuazima.

Hapa ndipo Masasi inapopendeza, na naomba msomaji anivumilie na tarakimu kidogo. Reli yetu ilikuwa milimita 1000. Kwa kipimo cha 1 kwa 87, kile cha treni za mezani za kawaida, hiyo ni milimita 11 na nusu. Ipo tayari reli ya milimita 12 inayouzwa madukani, na inafaa. Kwa 1 kwa 160 ni milimita 6.25, ipo reli ya milimita 6.5, ile ya treni ndogo kupindukia ambazo Märklin walizitoa mwaka 1972, nayo inafaa. Maana yake mtu wa Masasi atachukua magurudumu na mota za treni ndogo sana ya Kijerumani, juu yake aweke mwili mkubwa zaidi alioutengeneza mwenyewe, na upana utakuwa sahihi kuliko wa mtu wa Dublin. Hata Mjapani hampati. Reli ya kawaida ya Japani ni milimita 1067, sawasawa na TAZARA, lakini treni zao ndogo zimewekwa juu ya reli ya milimita 9, na ili macho yasigundue sana miili imekuzwa ikawa ya 1 kwa 150. Bado miguu imetanuka. Wamezoea, wala hawalali njaa.

Na ile ya Dar es Salaam kwenda Dodoma, iliyoanza kupakia abiria mwaka 2024? Milimita 1435. Igawe kwa 160: 8.97. Reli ya milimita 9 inaikaa kama iliyopimwa na fundi, bila uongo wowote. Treni mpya kabisa ya nchi hii ndiyo iliyo rahisi kuliko zote kwa kiwanda, na ile ya zamani iliyokufa kusini inahitaji ujanja. Kuna kitu cha kufikiria hapo, ila si cha huzuni. Ujanja ndio utamu wenyewe.

Nirudi kwenye dai langu la kubakiziwa kazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Arnold wa Nuremberg walipoanza kuuza treni za milimita 9 walikuja pia na kiunganishi chao, kindoano cha plastiki chenye springi ndogo. Kingeweza kubaki mali yao, na kila kiwanda kingelazimika kubuni cha kwake, na behewa la huyu lisishikane na kichwa cha yule. Arnold wakawaachia wengine wakitumie. Kindoano chenyewe ni kibaya. Ni kikubwa, ni cha mraba, hakifanani na kitu chochote kilichowahi kuonekana kwenye reli ya kweli, na wapenzi wanakilaani hadi leo. Lakini kwa sababu yake, behewa la Kiitaliano lilivutwa na kichwa cha Kijapani kwenye meza ya Mwingereza. Sioni zawadi kubwa zaidi ambayo kiwanda kimewahi kumpa mpenzi wa kipimo hiki, na ilikuja kwa kulegeza mkono. Baadaye, miaka ya 1990, ikafuata njia hiyohiyo namna ya kuendesha treni kwa amri za kidijitali iliyotoka kwa Lenz wa Ujerumani: Wamarekani wakaifanya kanuni ya wote, na leo mashine ya kampuni moja huendesha vichwa vya kampuni kumi.

Upande wa pili wa shilingi nimeuona kwa macho. Ninacho kichwa kimoja cha kipimo cha 1 kwa 160, kirefu kidogo kuliko kidole cha shahada, ambacho ndugu aliniletea kutoka nje. Jina la kiwanda nalihifadhi. Kikaanza kudunda kila gurudumu lilipozunguka, tik, tik, tik, kama mtu mwenye msumari kwenye kiatu. Wenye uzoefu wanalijua tatizo: gia ya plastiki imepachikwa kwa nguvu kwenye ekseli ya chuma, plastiki ikizeeka hujibana mpaka inapata ufa, na ufa ule ukifika kwenye meno ya jirani, treni inaruka. Nikakipeleka kwa fundi saa, mzee mwenye meza yake barazani, Masasi mjini.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Leo umeniletea toi?”

“Treni, mzee. Gia imepasuka.”

Akavaa lenzi jichoni, akakigeuza juu, akakigeuza chini, akatafuta skrubu. Hapakuwa na skrubu. Mwili ulikuwa umebanwa kwa vijino vya plastiki vilivyojificha ndani, ambavyo ukikosea kuvisukuma vinakatika. Akavisukuma kwa ncha ya kibanzi cha mwanzi, si kwa chuma, nami nikajifunza kitu. Ndani akakuta mota imefungwa moja kwa moja, na gia imeshikana na ekseli na gurudumu kama kitu kimoja.

“Saa ya Kirusi nimefungua, ya Kijapani nimefungua,” akasema. “Hawa walivyofunga, hawakutaka mtu arudi ndani. Spea yake ipo?”

“Haipo, mzee. Walitengeneza mara moja tu, wakaacha.”

“Basi hawakukuuzia, mwanangu. Wamekukodisha.”

Akaipaka gundi, ikashika kidogo, ikaachia. Simlaumu, gundi na plastiki ile havielewani. Lakini maneno yake yameikaa kesi hii kuliko yote niliyosoma. Ukimuuliza mpenzi wa treni ndogo anataka nini kwa mtengenezaji, kabla ya taa na honi na moshi atakwambia: mfuko wa gia kumi. Ekseli. Kaboni za mota. Skrubu inayoonekana. Mwenye pikipiki ya miaka kumi na tano pale Newala anapata spea zake dukani, tena za aina tatu, ya asili, ya Kichina na ya mtumba. Mwenye treni ya bei ya pikipiki nusu hana.

Wapo waliolielewa hili, na kwa bahati ni wakubwa. Kato wanauza chesisi ndogo peke yake: mota, gia, magurudumu manne, basi, haina mwili. Wajapani wenzao wa Tomytec wanauza za urefu mbalimbali. Ukitaka uipe mwili wa tramu, uipe wa kiberenge cha shamba la mkonge, ni juu yako. Chesisi hizo za Kato zimesambaa duniani kote miongoni mwa watu wanaojenga reli nyembamba za milimani na mashambani, reli ambazo hakuna kiwanda kitakachozigusa. Mtanzania hahitaji kufafanuliwa sana biashara hii. Kwa miaka mingi mabasi yetu yalikuja bandarini chesisi tupu, injini mbele na dereva amejifunga kitambaa usoni, bodi ikajengwa gereji na mafundi wa hapahapa, kila mmoja na mkono wake. Abiria mzoefu aliweza kuitambua bodi ya nani kwa kuangalia madirisha tu. Chesisi ilikuwa ya Sweden, basi lilikuwa letu.

Hicho ndicho ninachokiita kubakiziwa kazi. Kiwanda kifanye lile ambalo mkono wa mtu hauwezi: mota isiyozidi punje ya muhindi kwa unene, gia zinazozunguka polepole bila kushtuka, magurudumu ya duara kamili. Hasa hilo la polepole. Treni ndogo za bei rahisi zina mwendo mmoja, wa mwizi. Garimoshi la kusini lililokuwa likiingia stesheni lilijikokota, na asiyeweza kulijikokotesha kwenye meza hajalijenga, hata akilipaka rangi ya dhahabu. Kiwanda kikishamaliza hayo, kiondoke.

Badala yake viwanda hupenda kuuza mashujaa. Katika Afrika Mashariki shujaa anajulikana. Ni zile Garratt za daraja la 59, mashine 34 zilizojengwa na Beyer, Peacock wa Manchester mwaka 1955 na 1956 kwa ajili ya njia ya Mombasa na Nairobi, kila moja na jina la mlima, uzito wake tani 252, magarimoshi makubwa kuliko yote yaliyowahi kukanyaga reli ya upana wa mita moja. Mount Gelai bado ipo Makumbusho ya Reli, Nairobi, unaweza kwenda kuipapasa. Kwa kipimo cha 1 kwa 160 ingekuwa na urefu wa sentimita 20 hivi. Kiwanda chochote kikiamua siku moja kufanya treni ya Afrika Mashariki, kitafanya hiyo, na mimi nitakopa ili niipate. Na nikiiweka kwenye stesheni yangu ya Masasi nitakuwa nimeongopa. Njia ya kusini ilikuwa kisiwa. Haikuungana na Reli ya Kati wala na ya Tanga, na mazimwi ya Mombasa hayakuwa na kazi huko.

Anachohitaji mwenye stesheni ya Masasi ni vitu visivyo na mashabiki. Behewa la mizigo la kawaida, tena matano yanayofanana, yenye namba tofauti. Tangi la maji na mguu wake. Taa ya ishara. Choo cha stesheni. Nyumba ya mkuu wa stesheni na zile za vibarua, ambazo hazilingani. Katalogi zimejaa vichwa vya kifahari vyenye matoleo saba ya rangi, ukitafuta behewa lililochoka hulioni. Lakini kichwa ni kimoja, mabehewa ndiyo treni. Hili nalo, nikiri, lina pande mbili. Kiwanda kikianza kuuza choo cha stesheni ya Masasi, nani atakijenga?

Tena vifaa vingine viko hapa uwandani, bora kuliko vya kiwandani. Chukua tatizo la uzito. Behewa dogo jepesi huruka reli kwenye kona, kwa hiyo chama cha wapenzi wa Marekani kiliweka kanuni: kwa kipimo cha 1 kwa 160, nusu aunsi, kisha nyongeza ya aunsi 0.15 kwa kila inchi ya urefu. Behewa la mita 12 likipunguzwa linakuwa sentimita 7 na nusu, na kwa kanuni hiyo linatakiwa liwe na gramu 27 hivi. La plastiki halifiki huko peke yake. Viwanda huficha kipande cha chuma sakafuni. Sasa chukua mpingo. Ni mti mzito kuliko maji, ukiutupa mtoni unazama. Kipande cha mpingo cha urefu huo, chenye upana na kimo cha sentimita moja na nusu, ndiyo vipimo vya behewa lenyewe, kina gramu 21 kama si zaidi. Ongeza magurudumu ya chuma na sakafu yake, umefika. Mti ambao Wazungu hupigia zumari zao na Wamakonde huchongea mashetani na ujamaa unafanya behewa ambalo halihitaji kufichwa kitu tumboni. Mbavu za mbao za ubavuni unazichora kwa ncha ya patasi, na mpingo unashika mstari mwembamba kuliko plastiki. Kasoro ni kwamba unaua makali ya kifaa, na mchongaji atakudai fedha za kweli. Kwa majengo usiutumie. Kwa majengo tumia mti mwepesi wa namna ile wanayochongea mapiko, vinyago vya kuvaa ngomani, unaokatika kwa kisu cha kawaida.

Kuna jambo moja ambalo huwa linaletwa kirahisi mno kwenye mazungumzo haya, nalo ni mtoto wa gari la waya. Tunamwona kila mahali: gari la waya, matairi ya ndala zilizokwisha, usukani wa fimbo ndefu ili asiiname. Huwa tunamsifu kama kwamba umaskini ni chuo cha ufundi. Mpe la dukani uone atachagua lipi. Lakini mwangalie kazini kwa makini. Masasi anatengeneza lori, na lori lake limepakiwa, kwa sababu msimu wa korosho malori ndiyo yanayopita. Treni haitengenezi. Si kwa sababu hakuiona tu. Treni haina usukani. Gari la waya humfuata mwenyewe popote anapokimbia, treni humlazimisha kwanza ajenge njia, na njia hiyo iwe na upana uleule kutoka mwanzo hadi mwisho, kosa la milimita moja likitosha kuiangusha. Ni kitu cha serikali hata kikiwa kidogo. Labda ndiyo maana wapenzi wake ni watu wazima.

Na serikali ina la kufanya hapa, dogo na lisilo na gharama. Ile treni ya umeme yenye pua ambayo watu wameibatiza mchongoko, kazi ya Hyundai Rotem wa Korea, inapakia abiria wengi kuliko idadi yoyote ambayo kiwanda cha treni ndogo kingeiota. Mfano wake mdogo utakuja kutengenezwa, na mtu fulani mbali huko, kwa kukisia kutoka kwenye picha. Shirika la Reli lingeweza kutoa michoro: vipimo vya nje, mpangilio wa madirisha, rangi zenyewe kwa namba zake. Kisha waachie. Fundi wa Dar mwenye mashine ya kuchapa plastiki atachapa mwili, chesisi atanunua ya Kijapani, reli ya milimita 9 inamsubiri. Na kama ile njia ya kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay, ambayo imekuwa kwenye mipango kwa miaka mingi, itajengwa kwa upana huo wa kisasa, basi na sisi wa kusini tutaingia kwenye reli ya milimita 9 na ujanja wangu wote wa milimita 6.5 utakuwa historia. Sijui kama nitafurahi kwa moyo mmoja.

Limebaki swali la mzigo, ambalo hakuna kiwanda kinachoweza kulijibu. Mabehewa ya Masasi ndani uweke nini? Wapo watakaosema karanga, kwa heshima ya mradi. Mimi nasema hapana. Karanga za kujaza treni hazikuwapo, na reli ilifungwa kwa kukosa mzigo. Haki ni kuyaacha mengi matupu, milango wazi, na mawili au matatu yawe na magunia. Gunia lililojaa lina kimo cha sentimita 70 hivi baada ya kufungwa mdomo, na kwa kipimo chetu hilo ni milimita nne na kidogo. Nilihangaika na udongo wa mfinyanzi, na vitambaa, na nta. Kumbe choroko. Punje ya choroko, ile inayolimwa hapahapa Mtwara na Lindi, ina kimo hichohicho, imefura mahali gunia linapofurika, na ina kile kijicho cheupe pembeni ambacho ukikipaka rangi ya kamba kinakuwa mdomo ulioshonwa. Kwa nguo yake ya kahawia, rangi ya maji iliyokorogwa na chai ya rangi inatosha. Magunia arobaini yanajaa kwenye kijiko.

Shida ni panya. Wameshusha shehena mara kadhaa usiku, na hawagusi mabehewa matupu.